Mchicha Unaopikwa Kutwa

— Paukwa.

— Pakawa.

— Pakawa nini?

— Pakawa chungu, pakawa mwiko, pakawa mafiga yenye moto.

— Na chunguni mna nini?

— Hatujui, hakijafunuliwa.

— Basi kaeni vizuri, nifunue.

Ngano hii haina kicheko kingi. Mwenye kucheka atacheka mwishoni, tena kwa adabu, maana ndani yake kuna aliyekufa na kuna waliokuwa wakingoja kufa. Wenye kuchambua mboga endeleeni kuchambua. Masikio hayashiki kisu.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe, waliishi Pelele mume na Pelele mke na watoto wao watatu. Mkubwa aliitwa Masika, kwa kuwa alizaliwa mvua zikimwagika. Wa kati aliitwa Siwema. Wa mwisho aliitwa Kitinda, naye alikuwa mnene, mashavu yamefunika macho. Pelele mnamjua. Ni mnyama mdogo, kimo chake cha sungura, hana pembe, hana mkia, hana kucha za kutisha mtu. Alicho nacho ni nyayo zinazonata mwambani, na kichwa kinachofanya kazi.

Chini ya kilima aliishi Chui. Chui alikuwa na boma la miiba, ua mpana, na jiko la uani lililoegemea mwamba. Mke wa Chui aliondoka zamani. Ukiuliza sababu utaambiwa mengi, lakini mimi nasema alichoka. Chui alikula nyama asubuhi, akala nyama mchana, akala nyama jioni, na akizindukana usingizini akatafuna mfupa. Jani hakulijua, ila la kujifutia mdomo.

Siku moja watoto wa Pelele walikuwa wakiota jua juu ya jiwe, na mama yao amekwenda kuchuma. Chui akatokea. Akawazoa wote watatu, kama mtu azoavyo nguo kwenye kamba mvua ikianza. Baba yao akamrukia usoni. Alijua hamwezi. Alimrukia hivyo hivyo. Chui akamla pale pale, watoto wakitazama, kisha akawabeba watoto wakiwa hai, wawe akiba yake.

Kulipokucha, Chui hakuweza kusimama. Miguu yote minne ilikuwa imevimba ikang'aa, na kila kiungo kinawaka moto. Akaguna, akanguruma, akatuma aitwe mganga. Mganga wa pande hizo alikuwa Korongo, ndege mwenye shingo ndefu na maneno machache. Korongo akaja, akaminya goti la Chui kwa mdomo wake. Chui akalia machozi.

"Umekula nyama gani?" Korongo akauliza.

"Nyama zote."

"Na majani?"

"Majani ndiyo mnyama gani?"

Korongo akavuta pumzi. "Bwana Chui, nyama imekujaa mpaka kwenye viungo. Ukionja hata paja la panya, utalala na hutaamka. Kula mboga za majani. Kula kunde, kula maboga, kula karanga kidogo. Zipikwe kila siku, na hapa hapa nyumbani kwako. Uvimbe ukinywea, shauri yako."

"Na nani atapika?"

"Jiko unalo."

Chui akamtazama kama aliyetukanwa. "Dume haingii jikoni. Baba yangu aliniambia, naye aliambiwa na baba yake: chui dume akitia mguu jikoni, moshi unamfuta madoa. Anatoka hana hata doa, watu wanamdhani mbwa. Mambo ya jikoni nayajua yote, lakini siingii."

Korongo akataka kucheka. Akazitazama kucha za Chui, akabadili nia, akaruka zake.

Sasa turudi kilimani. Mama Pelele aliporejea na mzigo wake wa majani, alikuta jiwe lina damu, na manyoya anayoyajua. Akaketi. Akalia kilio cha kimya, maana hakujua ni nani tena anayesikiliza. Alipomaliza kulikuwa kumepambazuka, akafuata michirizi ya kucha, ikamshusha mpaka kwenye boma la miiba. Akachungulia. Akawaona watoto wake kizimbani, wote watatu, na Chui amejilaza mlangoni. Akawahesabu mara mbili. Baba yao hakuwamo.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Mama yao hao."

Chui akainua kichwa. "Ingekuwa jana ningekumeza. Leo mganga amenipa miiko. Unajua kupika mboga?"

Pelele akawatazama watoto. Watoto wakamtazama yeye.

"Najua, bwana."

"Basi nipikie. Uvimbe ukiisha nitawala watoto wako. Nakuambia mapema kwa sababu mimi si mwongo. Ukikataa, namuua huyu mnene sasa hivi, hata kama simli."

Hapo, wenzangu, mwekeni mama huyu moyoni. Akipika vibaya, Chui atakasirika na watoto watakufa leo. Akipika vizuri, Chui atapona na watoto watakufa kesho. Kila kijiko kizuri atakachopika kitamkaribisha muuaji kwa wanawe, na hana cha kufanya ila kupika.

"Nitapika," akasema.

Akaenda bondeni kwenye mashamba yaliyoachwa na wenyewe. Huko mambo yalikuwa yameota yenyewe bila kupandwa. Akachuma mchicha, akachuma nyanya ndogo za porini, akang'oa karanga zilizosahauliwa ardhini. Hakununua kitu, hakuomba kitu. Jua lilikuwa bado la asubuhi aliporudi akaweka kapu mbele ya Chui.

Chui akanusa. "Majani ya njiani? Ya bure?"

"Ya bure, bwana."

"Kitu cha bure ndicho kitakachoniponya mimi?"

Pelele akamtazama, akaona jambo. Akaona kwamba mkubwa huyu hathamini kitu mpaka asikie kuna mtu kachoka. Ukimpa chakula kilichoiva upesi atakitemea mate.

"Ni bure kuchuma tu, bwana," akasema polepole. "Kazi iko kwenye kupika. Mchicha unapikwa kutwa nzima."

"Najua," akasema Chui. "Mchicha, nani asiyejua."

Naona mnatazamana. Mchicha, kutwa nzima. Ndiyo, nimesema kutwa.

Pelele akaingia jikoni, akavuta mlango. Akaosha majani, akayakata. Akainjika chungu, akatia nyanya zikalainika, akatia mchicha, chwaaa, akanyunyiza chumvi, akaugeuza kwa mwiko. Karanga akazikaanga, akaziponda kwa jiwe, akazimiminia juu. Maji hakutia, mchicha una maji yake. Akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea mtoto, na kabla wimbo haujafika mwisho, mboga ilikuwa imeiva, majani yangali na ukijani wake. Akaepua, akafunika. Nje jua halijafika hata utosini.

Akaketi juu ya kigoda. Sasa alikuwa na kutwa nzima mikononi, na hajui aifanyie nini.

Ndipo akaona moshi. Moshi wa jikoni hutafuta mlango, kila mpishi analijua hilo. Moshi huu haukwenda mlangoni. Uliinama, ukapita juu ya mafiga, ukaelekea ukuta wa nyuma, ukaingia mwambani na kupotea. Pelele akasogea, akapitisha mkono. Palikuwa na ufa, umezibwa kwa udongo mwekundu na changarawe za miaka mingi. Akaweka pua. Upepo wa upande wa pili wa kilima ulimpiga usoni, una harufu ya nyasi.

Akaanza kukwangua. Kwa vidole, kwa kigae, kwa ncha ya mwiko. Kwangu, kwangu, kwangu. Udongo akautia kwenye kapu la majivu, majivu juu, udongo chini. Jioni akapasha mchicha moto, akaupeleka nje.

Chui akamwita Kitinda kutoka kizimbani. "Onja wewe kwanza." Hakuwa mjinga kiasi hicho, alijua mama anaweza kutia kitu. Kitinda akaonja, akalamba midomo. Chui akamrudisha kizimbani, akala. Akala akakomba chungu, akalamba na kifuniko.

"Hiki ndicho chakula," akasema. "Kimetoa mtu jasho."

Na kweli Pelele alikuwa ametoa jasho, la kuchimba.

Asubuhi ya pili Chui akamwuliza, "Jana jikoni nilisikia kwangu, kwangu. Ni nini?"

Pelele akajipangusa mikono. "Nilikuwa nakwangua ukoko, bwana. Leo sitakwangua, leo nitatwanga. Napika majani ya maboga, na majani ya maboga yanataka karanga zitwangwe tangu asubuhi. Nina mikono miwili tu. Nipe msaidizi."

"Najua," akasema Chui. "Majani ya maboga bila kutwanga hayaliki. Mchukue mkubwa, huyo mifupa mitupu. Jioni arudi kizimbani."

Masika akaingia jikoni na mama yake. Mama akamkumbatia, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nitwange nini, mama?"

"Usitwange kitu. Karanga nitaziponda kidogo baadaye. Wewe twanga kinu kitupu, na usiache."

Twa, twa, twa. Masika akatwanga kinu kitupu. Kwangu, kwangu, mama akachimba. Nje Chui akasikia twa, twa, twa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akijua anapikiwa. Majani ya maboga yakamenywa nyuzi, yakakatwa, yakaiva kwa muda wa kuchota maji na kurudi, yakakaa pembeni yakingoja jioni.

Siku zikaenda hivyo. Pelele akapika mnavu, akasema ni wa kutwa. Akapika kunde changa pamoja na maganda yake, akasema ni za kutwa. Akapika ndizi mbichi na nyanya, akapika viazi vitamu kwa maganda kwenye majivu ya moto, akapika boga, na kila kimoja kilikuwa cha kutwa. Chui akasema, najua. Jioni Kitinda akaonja, Chui akala, mabaki wakapewa watoto, maana Chui alitaka wanenepe. Na Kitinda, aliyeonja kwanza na kula mabaki mwishoni, alizidi kuwa duara.

Ufa ulipofika kwenye changarawe ngumu, kinu kimoja hakikutosha kuficha kelele. Pelele akaenda tena kwa Chui.

"Bwana, leo napika mlenda. Mlenda unataka ufuta, na ufuta unasagwa kwa jiwe tangu asubuhi. Nipe msaidizi wa pili."

"Najua. Mlenda bila ufuta ni maji ya mto. Mchukue wa kati. Huyu mnene abaki na mimi."

Siwema akaingia. Twa, twa, twa, Masika akatwanga kinu kitupu. Kwaruu, kwaruu, Siwema akasaga jiwe tupu. Kwangu, kwangu, mama akachimba. Mlenda wenyewe uliiva Siwema akiwa hajazoea jiwe.

Siku hiyo, Pelele alipokuwa akitoa kapu la majivu, Chui akamsimamisha. Upepo ulikuwa umepeperusha majivu ya juu.

"Majivu gani mekundu hivi?"

Pelele hakupepesa. "Bwana, kuni za mgunga, majivu yake huwa hivyo."

Chui akayatazama. Hakuwahi kuona majivu ya mgunga, wala ya mti wowote. Angeweza kuuliza. Kuuliza ni jambo dogo.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakupima."

Lakini mama huyu hakuwa na raha. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Kila asubuhi miguu ya Chui ilikuwa myembamba kuliko jana. Kwanza aliweza kukunja goti. Kisha akaweza kuketi. Kisha Siwema akaingia jikoni mbio.

"Mama, leo amesimama."

"Nimemwona."

"Mama, usipike vizuri. Ukipika vibaya hatapona."

"Nikipika vibaya atamkasirikia Kitinda."

Siwema akafikiri. "Basi pika vizuri, polepole."

"Ndivyo ninavyofanya, mwanangu." Akageukia ukuta, akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Pelele hana kucha ndefu. Hizo chache alizo nazo alizitumia zote.

Hatimaye ikafika asubuhi Chui akauzunguka ua wote bila kuchechemea. Akajinyoosha, akazichomoa kucha, akazitazama jua likiwaka juu yake. Akamwita Pelele.

"Nimepona. Kesho narudi kwenye nyama, na unajua nitaanza na nani. Leo nipikie mboga ya mwisho. Iwe nzuri, nikukumbuke."

Ufa ulikuwa tayari. Mtoto angepita, na mama angepita kwa kujiminya. Masika na Siwema wangekuwa jikoni. Lakini Kitinda alikuwa nje. Tangu alfajiri Chui alikuwa amemtoa kizimbani, amemlaza chini ya mkono wake, akimpapasa mbavu kama mtu apapasavyo papai sokoni.

Pelele akamtazama mwanawe. Akapiga goti.

"Bwana mkubwa, mboga ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Nitapika kunde kavu. Na kunde kavu zina sharti."

"Najua," akasema Chui, kisha akangoja aambiwe.

"Chumvi yake haionjwi mezani. Inaonjwa chungu kikiwa motoni, hapo zinapopasuka. Ikipita hapo, zimeharibika, na tumbo la mtu aliyetoka kuugua haliziwezi. Ninahitaji mwonjaji, na ulimi ulioonja chakula chako tangu mwanzo ni wa huyu mdogo. Nipe aonje, kisha nikurudishie."

Chui akakaza mkono juu ya Kitinda. Macho yakawa madogo. "Huyu hatoki hapa."

Mahali hapo mjinga angeomba, angelia, angemshika Chui miguu. Pelele akainuka, akajipangusa magoti, akasogea pembeni ya njia.

"Una haki, bwana. Ulimi wa mwenyewe ndio bora. Basi njoo wewe uonje. Jiko liko wazi, chungu kiko motoni, moshi leo si mwingi sana."

Akashika mlango wa jiko, akaufungua wote. Moshi ukatoka kidogo, ukaviringika chini, ukaja taratibu kuelekea kwenye miguu ya Chui.

Chui akarudi nyuma. Akautazama mgongo wake, ubavu mmoja, ubavu wa pili. Madoa yote yalikuwapo.

"Funga mlango," akasema. "Mchukue. Aonje arudi haraka."

"Haraka, bwana? Kunde kavu?"

"Najua, najua. Arudi zikiiva."

Kitinda akatoka chini ya ule mkono. Akatembea uani, mama akitembea nyuma yake, na mama hakuthubutu kukimbia wala kupumua. Mlango ukafungwa.

Jikoni Masika alikuwa akitwanga kinu kitupu, na Siwema akisaga jiwe tupu. Pelele akainjika chungu kikubwa, akatia kunde kavu, akatia maji mpaka shingoni, akasukuma kuni nene chini yake, akafunika kwa kifuniko chepesi cha udongo. Maji yakachemka. Kifuniko kikaanza kucheza: ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta.

"Acha kutwanga," akamnong'oneza Masika. "Acha kusaga," akamnong'oneza Siwema.

Kimya. Ta-ta-ta-ta.

"Mbona kinu kimenyamaza?" Chui akauliza kutoka nje.

"Kazi ya kinu imekwisha, bwana. Sasa ni kuchemka tu. Kunde kavu zinachukua kutwa."

Hilo ndilo neno la kweli la kwanza alilomwambia Chui juu ya mapishi tangu alipoingia jikoni mle.

Akamsukuma Masika kwenye ufa. Masika akapita. Akamsukuma Siwema. Siwema akapita. Akamsukuma Kitinda, na Kitinda akakwama.

Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Masika akavuta huko, mama akasukuma huku. Tumbo likakataa. Kitinda akaanza kulia puani, kwa sauti ndogo.

"Mama, nimekula sana," akasema.

"Ulikula nilichokupa," akasema mama. "Nyamaza sasa, pumua nje."

Akageuka, akatafuta kwa macho. Kwenye kona kulikuwa na bakuli la mlenda wa jana, baridi, unateleza. Akauchota kwa mikono, akampaka Kitinda tumboni, mgongoni, ubavu huu na ubavu huu, mlenda ukamtiririka mpaka miguuni. Akaweka bega, akasukuma. Chuu. Kitinda akateleza akatokea upande wa pili, akaangukia nyasi.

Pelele akatazama jiko mara moja. Chungu, mwiko, kinu, jiwe. Akaongeza ukuni mmoja kwenye moto. Kisha akaingia ufani, manyoya ya mgongoni yakabaki mwambani, naye akatoka.

Chui akakaa mlangoni pa jiko akisikiliza. Ta-ta-ta-ta. Akaona kunde zinakwenda vizuri. Mchana ukapita. Ta... ta... ta. Akauliza, "Tayari?" Hakujibiwa. Akajiambia, mpishi wa kunde kavu hasemeshwi, najua. Jua likashuka. Kifuniko kikanyamaza. Moshi ukakoma. Akauliza tena. Kimya. Akanyoosha shingo kuelekea mlangoni, akakumbuka madoa, akairudisha. Asubuhi Korongo akapita kumtazama mgonjwa wake, akamkuta amekaa pale pale, mate yamemkauka.

"Unangoja nini?"

"Kunde."

Korongo akasukuma mlango kwa mdomo, akaingia, akatoka. "Hakuna mtu humu. Kuna tundu ukutani na chungu cha kunde. Za chini zimeungua, za juu zimeiva. Ingia ule, usirudie nyama. Mwili wako bado mbichi."

"Niletee hapa."

"Mimi mganga, siyo mpishi wako," akasema Korongo, na akaruka.

Chui akakitazama chungu kupitia mlango ulioachwa wazi. Hatua chache tu. Hakuingia. Akaenda porini akaua, akala nyama, na miguu ikavimba upya, safari hii ikavimba na shingo. Akajiburura akarudi akalala pale pale mlangoni, mboga zimejaa bondeni, hakuna wa kuzipika. Walioiona maiti yake wanasema madoa yalikuwa kamili.

Pelele na wanawe walitembea mpaka kilima kingine, mbali, ambako hakuna jiwe lenye damu. Wakaokota mafiga. Masika akawasha moto, Siwema akachuma mchicha, Kitinda akaleta maji na kumwaga nusu. Mama akainjika chungu cha kuokota chenye mdomo uliomeguka. Chwaaa. Akaugeuza kwa kijiti, akauepua.

"Mbona umeiva upesi, mama?" Kitinda akauliza.

"Ndivyo unavyopikwa."

Akaugawa kwenye majani mapana. Mikono yake ilikuwa imezoea kugawa mafungu matano, ikagawa matano. Wote wakaliona lile la tano, lililokuwa la baba yao. Hakuna aliyelisogelea. Hapo ndipo Pelele alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, maana sasa palikuwa hapana wa kumwogopa. Watoto wakalia naye. Walipomaliza, mboga ilikuwa bado ya moto. Mama akalichukua fungu la tano, akaligawia wale watatu, na akakaa akiwatazama mpaka walipoimaliza.

Ngano yangu imeiva, naiepua. Aliyeshiba anawe, asiyeshiba akombe sufuria, na anayetaka yenye chumvi zaidi akapike yake.

Mnataka na funzo? Haya. Funzo la ngano hii ni kwamba mwanamume asikanyage jikoni. Akina baba, kaeni huko huko nje, kuna upepo mzuri. Moshi unafuta madoa, na asiye na madoa atafutika kitu kingine. Msiulize kinapikwa nini, semeni mnajua. Mkisikia kimya, msichungulie. Mchicha unapikwa kutwa nzima, na mke yeyote mtakayemwuliza atawaambia hivyo hivyo, bado.